Wakala wa ajira za kompyuta: Anayesaili wengine husailiwa kwanza

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

KATIKA kata ya Mkolani, kusini mwa Jiji la Mwanza, si vigumu kumpata kijana mwenye cheti, stashahada au hata shahada ya kompyuta. Kilicho kigumu ni kumpata mwajiri anayejua kwamba kijana huyo yupo.

Vyuo haviko mbali. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kiko Malimbe, na ndani ya jiji kuna kampasi za Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), bila kuisahau VETA.

Waajiri nao wapo. Mabenki ya katikati ya jiji, Hospitali ya Bugando, viwanda vya minofu ya samaki, kampuni za usafirishaji na migodi ya dhahabu ya Geita na Bulyanhulu, wote hao hutegemea seva, mitandao na kanzidata kila siku. Tangu Daraja la John Magufuli la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, fundi wa kompyuta anayeishi Mkolani anaweza kufika Sengerema au Geita bila kusubiri kivuko.

Kati ya pande hizo mbili ndipo anaposimama wakala wa ajira. Anayebobea katika watu wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, yaani Tehama, ana kazi yenye sura ya pekee, kwa kuwa humpasa kuwapima watu wanaofanya mambo ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyafanya.

Makala haya yanamlenga msomaji anayejiandaa kusailiwa kwa nafasi ya ofisa wa wakala wa aina hiyo, pamoja na yule ambaye ameshapata barua ya kazi na ataanza Jumatatu.

Kazi yenyewe ni ipi?

Watu wengi hudhani kwamba wakala wa ajira ni mtu wa kupokea wasifu na kuupeleka kwa mwajiri. Kama ingekuwa hivyo, tarishi angetosha.

Kazi huanza kwa mwajiri. Meneja wa kampuni hupiga simu na kusema, kwa mfano, "Tunataka mtu wa IT." Maneno hayo hayana maana yoyote mpaka yafafanuliwe. Je, anataka fundi wa kutengeneza kompyuta na printa za ofisini? Mhandisi wa mtandao? Mwandishi wa programu? Msimamizi wa kanzidata? Mtaalamu wa usalama wa mifumo? Hao ni watu watano tofauti, na mishahara yao haifanani.

Ofisa mzuri huuliza kabla ya kutafuta. Nani aliyekuwa akifanya kazi hiyo, na kwa nini ameondoka? Mfumo uliopo ni upi? Mtu huyo atakuwa peke yake au chini ya mkuu wa kitengo? Atakesha pale mfumo ukianguka saa nane usiku? Mshahara usiovukwa ni kiasi gani, na nani mwenye neno la mwisho?

Baada ya hapo hufuata kuandika tangazo, kutafuta watu, kuwapigia simu, kuwachuja, kuwapeleka kwa mwajiri, kupanga usaili, kupeleka majibu, kujadiliana mshahara, na kufuatilia kama aliyepatikana ameripoti kazini kweli. Hatua hii ya mwisho wengi huidharau, ilhali ndipo fedha ya wakala inapopatikana au kupotea.

Kwa desturi ya biashara hii duniani, wakala hulipwa na mwajiri asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa mtu aliyempata. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaalamu akikubaliwa kwa Sh2,000,000 kwa mwezi, mshahara wake wa mwaka ni Sh24,000,000. Kama makubaliano ni asilimia 12, wakala atamdai mwajiri Sh2,880,000, bila kuhesabu kodi.

Aghalabu mkataba huwa na kipengele cha dhamana, mara nyingi cha miezi mitatu. Mfanyakazi akiacha kazi ndani ya muda huo, wakala humtafuta mwingine bila malipo au hurudisha sehemu ya fedha. Kwa hiyo ofisa anayempamba mwombaji kwa sifa zisizo zake ili apate kamisheni haraka, anajichimbia shimo mwenyewe.

Ilikotoka biashara hii

Kampuni za kukodisha wafanyakazi zilistawi Marekani mara baada ya Vita Kuu ya Pili. Kelly ilianza Detroit mwaka 1946 ikiwapeleka makatibu muhtasi maofisini, na Manpower ikafuata Milwaukee mwaka 1948. Tawi la kompyuta lilipata nguvu kubwa miaka ya 1990, hasa dunia ilipoingiwa na hofu kwamba kompyuta zingevurugika ifikapo mwaka 2000. Waandishi wa programu kutoka India walichukuliwa kwa maelfu ili kurekebisha mifumo hiyo.

Sisi tulichelewa, na sababu mojawapo ni ya kisera. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Msomaji kijana anaweza kucheka, lakini uamuzi huo ulichangia kuifanya nchi iwe na kizazi kimoja cha wataalamu wachache mno. Intaneti ya kasi nayo ilingoja hadi Julai 2009, wakati mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam.

Jirani zetu wa Kenya walitangulia katika ajira za kimataifa za kompyuta. Kampuni ya Andela, iliyoanza Lagos mwaka 2014 na kuingia Nairobi mwaka uliofuata, iliwafunza vijana uandishi wa programu na kuwaunganisha na kampuni za Marekani zikiwalipia kwa mwezi. Mwaka 2016 ilipata uwekezaji wa dola milioni 24 ulioongozwa na taasisi ya Mark Zuckerberg na mkewe.

Hata hivyo, Septemba 2019 Andela iliwaachisha kazi vijana wapatao 400 katika Nigeria, Kenya na Uganda. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja walitaka wataalamu wenye uzoefu, si wanaoanza. Ofisa wa ajira wa Mwanza hana budi kuifahamu habari hii, kwa kuwa swali lile lile humkabili kila wiki: vijana wa mwaka wa kwanza kazini ni wengi, na mwajiri anataka mtu wa miaka mitano.

Nini kisomwe kabla ya usaili

Msailiwa wa nafasi hii hatarajiwi kuandika programu. Anatarajiwa kujua maneno ya fani na maana zake, ili asidanganywe na mwombaji wala kuchekwa na mwajiri.

Mtego wa zamani kuliko yote ni wa Java na JavaScript. Majina yanafanana na zote zilitangazwa mwaka 1995, lakini ni lugha mbili tofauti. Java ilitoka kampuni ya Sun Microsystems, na hutumika sana katika mifumo mikubwa kama ya mabenki. JavaScript ilitoka kampuni ya Netscape, na kazi yake ya asili ni kuzipa uhai kurasa za intaneti. Ofisa anayempeleka mtu wa JavaScript benki inakotakiwa Java, hatapewa oda ya pili.

Vivyo hivyo ajue tofauti ya mwandishi wa programu anayeshughulika na sehemu inayoonekana na mtumiaji, na yule anayeshughulika na sehemu iliyojificha kwenye seva. Ajue kuwa SQL ni lugha ya kuiuliza kanzidata, kuwa Linux ni mfumo endeshi wa seva nyingi, na kuwa cheti cha CCNA hutolewa na kampuni ya Cisco kwa watu wa mitandao. Mwenye CCNA si lazima ajue kuandika programu, na mwandishi hodari wa programu anaweza asijue kufunga swichi.

Yapo pia ya hapa nyumbani. Mfumo wa Serikali wa kukusanya malipo kwa njia ya kielektroniki (GePG), ule unaotoa namba ya malipo ambayo kila mzazi na kila mfanyabiashara anaijua, ulianza mwaka 2017. Mwandishi wa programu aliyewahi kuuunganisha mfumo huo na wa hospitali au chuo ana thamani ya pekee Mwanza, na swali moja tu la simu humtambulisha.

Miaka hii husaidia kunasa uongo. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Mtu akiandika kwamba aliunganisha mfumo wa kampuni fulani ya Mwanza na M-Pesa mwaka 2005, ama amekosea tarehe ama amemkosea msomaji wa wasifu wake.

Kosa huwa la mwajiri pia. Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu za simu, ilipata toleo lake la kwanza thabiti Desemba 2018. Tangazo la mwaka 2024 linalodai uzoefu wa miaka kumi wa Flutter linamtafuta mtu ambaye hajazaliwa. Mwaka 2020, Sebastián Ramírez, aliyebuni zana iitwayo FastAPI, alieleza hadharani kwamba ameona tangazo la kazi linalotaka uzoefu wa miaka minne na zaidi wa zana hiyo, wakati yeye mwenyewe alikuwa ameibuni mwaka mmoja na nusu tu kabla.

Ofisa anayejua jambo hilo humwambia mwajiri kwa adabu kabla tangazo halijatoka. Anayenyamaza huletewa wasifu za waongo peke yao, maana wakweli hawataomba.

Siku ya usaili

Swali la kwanza karibu kila mahali ni, "Kwa nini unataka kazi hii?" Jibu la kwamba "napenda kufanya kazi na watu" limechakaa. Msailiwa aseme jambo mahsusi: alipokuwa chuoni aliwahi kuwatafutia wenzake nafasi za mafunzo kwa vitendo, aliuza vocha na kujifunza kutoogopa kukataliwa, au alifanya kazi kaunta ya benki na kuona mfumo ukianguka huku wateja wakifoka.

Swali la pili hupima mbinu: "Nakupa wiki moja uniletee wahandisi watatu wa mtandao walio tayari kuishi Geita. Utaanzia wapi?"

Jibu dhaifu ni, "Nitatangaza." Jibu zuri lina hatua. Ataanza na wasifu zilizomo ofisini, kisha atawapigia wahandisi anaowafahamu na kuwaomba majina ya wenzao. Atatafuta katika LinkedIn, mtandao uliofunguliwa mwaka 2003, ambao Microsoft iliununua mwaka 2016. Atauliza idara za vyuo kuhusu wahitimu wa miaka mitatu hadi mitano iliyopita, si wa mwaka huu. Kila atakayempata atamuuliza mapema kuhusu Geita, familia na nyumba, ili asije akakataa siku ya kusaini.

Hapo msailiwa ataje pia namna ya kutafuta kwa maneno ya AND, OR na NOT. Mantiki hiyo yatokana na mwanahisabati Mwingereza George Boole, aliyefariki mwaka 1864, na ndiyo inayotenganisha mtafutaji na mpapasaji. Akiandika Cisco AND (Mwanza OR Geita OR Shinyanga) NOT sales, anapunguza wauzaji wa vifaa na kubakiza wahandisi wengi zaidi.

Msaili anaweza kuuliza hesabu. Tuseme wasifu 60 zimepokelewa, watu 20 wakapigiwa simu, sita wakapelekwa kwa mwajiri, watatu wakasailiwa na mmoja akaajiriwa. Anataka kuona kama unajua kazi ilivujia wapi. Kama 20 waliopigiwa simu walitoa sita tu, huenda tangazo lilikuwa na makosa. Kama sita walitoa watatu, huenda ofisa hakumwelewa mwajiri.

Usaili mwingine huwa wa kuigiza: msaili hujifanya mwombaji, nawe unapewa simu. Hapa vijana wengi huanguka, si kwa kukosa elimu, bali kwa kukosa utaratibu wa kuzungumza. Mfano wa mwanzo mwema ni huu:

"Habari za mchana. Naongea na dada Neema? Samahani, dada, naitwa Juma, napiga kutoka ofisi ya wakala wa ajira hapa Mwanza. Je, una dakika tano, au nikupigie jioni ukishatoka kazini?"

Swali hilo la mwisho si pambo. Mtaalamu aliye kazini hawezi kuzungumzia kazi nyingine huku bosi wake ameketi meza ya pili. Ofisa asiyeliuliza anaweza kumharibia mtu ajira aliyonayo. Na kama anayepigiwa ni mtu mzima, shikamoo haipungui kwa sababu mazungumzo ni ya kompyuta.

Saa na umeme

Usaili mwingi wa kwanza siku hizi hufanyika kwa video, na kwa mkazi wa Mkolani mambo mawili yanaweza kuuharibu kabla haujaanza.

La kwanza ni saa. Mwaliko ukiandikwa 3:00 PM, ni saa tisa alasiri kwa Kiswahili. Wapo waliokosa kazi kwa kusoma tatu na kujiandaa usiku. Kama msaili yuko New York na amesema saa sita mchana ya kwao, hapa itakuwa saa moja usiku katika miezi yao ya kiangazi, na saa mbili usiku katika miezi ya baridi, kwa kuwa wao husogeza saa nasi hatusogezi. Njia salama ni kujibu mwaliko kwa kuandika saa ya Afrika Mashariki na kuomba uthibitisho. Ofisa wa ajira afanye hivyo hivyo kwa kila mwombaji wake.

La pili ni umeme na mtandao. Chaji simu na kompyuta tangu usiku. Nunua bando katika laini mbili za kampuni tofauti. Mjulishe msaili mapema namba ya simu ya kukupata picha ikikatika. Mtu anayeeleza mpango wake wa dharura kwa utulivu huku taa zimezimika, ameshajibu swali moja ambalo halikuulizwa.

Kwa usaili wa ana kwa ana, daladala za Buhongwa hupita barabara kuu ya Shinyanga, lakini asubuhi hujaa. Toka mapema.

Sheria ambazo wakala hapaswi kuzikisia

Hapa ndipo msaili makini humtenga msailiwa aliyejiandaa.

Tanzania Bara, kazi ya wakala wa ajira huongozwa na Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na wakala binafsi hutakiwa kutambuliwa na Kamishna wa Kazi. Serikali nayo ilianzisha wakala wake, TaESA, mwaka 2008. Nafasi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira, hivyo wakala binafsi anayedai kuwa na "nafasi za serikalini" aulizwe maswali magumu.

Mwaka 2014 zilitoka kanuni za mawakala binafsi wakati ambapo malalamiko yalikuwa mengi dhidi ya kampuni zilizowaajiri watu kwa jina lao na kuwakodisha kwa kampuni nyingine kwa ujira mdogo. Serikali ilitaka mawakala wabaki kuwa wa kuunganisha, na mfanyakazi awe wa kampuni anakofanyia kazi. Sheria za kazi hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo msailiwa apite ofisi ya kazi ya mkoa na kusoma zinazotumika sasa. Asitegemee alichosikia kijiweni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, mahali mtu anakotoka, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, Virusi vya Ukimwi, umri na mingineyo. Wengi hawajui kwamba ulinzi huo unamhusu hata mwombaji wa kazi, si aliyeajiriwa tu.

Kwa hiyo mwajiri akisema, "Niletee kijana wa kiume, asiwe na mtoto," ofisa amejikuta katikati ya kosa. Kumsalimu mwombaji kwa Kisukuma, "Mwadila," ni ungwana wa Kanda ya Ziwa. Kumchagua kwa sababu amejibu kwa Kisukuma ni jambo jingine kabisa. Jibu linalofaa kwa mwajiri huyo ni kumrudisha kwenye kazi: je, anahitaji mtu anayeweza kupanda minara, au kukesha zamu mbili kwa wiki? Hayo yanapimika, na yupo dada anayeyaweza.

Wasifu nazo zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Ofisi ya wakala hujaa majina, namba za simu, vyeti, umri na mishahara ya watu. Tabia ya kuzisambaza wasifu katika makundi ya WhatsApp, au kuzipeleka kwa waajiri kumi bila mwenyewe kujua, haikuwa ya kistaarabu hata kabla ya sheria.

Ada, rushwa na jina la ofisi

Jambo linalowaumiza vijana zaidi ni fedha. Mhitimu huambiwa atoe "ada ya fomu", kisha "ada ya usaili", kisha "fedha ya sare" au ya kupima afya, na baada ya hapo simu haipatikani. Kwa mzazi aliyesomesha kwa kuuza samaki au mpunga, hasara hiyo ni ya mwaka mzima.

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1997 unaweka msingi kwamba wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Mwajiri ndiye anayelipa. Msailiwa akigundua kwamba ofisi anayoomba kazi hujipatia fedha kwa waombaji, ni heri asiikubali hata kama mshahara ni mzuri, maana siku ya kutafutwa atatafutwa yule aliyekuwa akipiga simu.

Ipo pia rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa kosa kwa mwenye mamlaka kudai ngono kama sharti la kumpa mtu ajira. Ofisa akisikia kutoka kwa mwombaji kwamba meneja wa upande wa mwajiri amedai jambo hilo, ofisi yake haiwezi kuendelea kupeleka wasichana huko kana kwamba haikusikia. TAKUKURU ina ofisi Mwanza.

Kishawishi cha tatu ni undugu. Mwanza ni mji mkubwa lakini watu wanajuana, na shemeji mwenye cheti cha kompyuta hakosekani. Kwa maoni ya mwandishi, si lazima shemeji anyimwe nafasi. Apimwe kwa maswali yale yale, mwenzake ofisini ndiye amsaili, na mwajiri aambiwe uhusiano huo mapema.

Tangazo lisilosema yote

Kesi ya Nairobi inastahili kuangaliwa na kila anayeandika matangazo ya kazi. Mei 2022, Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, alifungua shauri nchini Kenya dhidi ya Meta, wamiliki wa Facebook, pamoja na Sama, kampuni iliyomwajiri kuchuja maudhui ya mtandao huo. Miongoni mwa madai yake ni kwamba tangazo la kazi lilipotosha, kwa kuwa halikueleza kwamba waajiriwa wangeangalia picha za mauaji na ukatili siku nzima.

Meta ilijitetea kwamba haikuwa mwajiri wake wala haiko Kenya. Februari 2023 mahakama ya kazi ilisema inaweza kushtakiwa huko, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaukubali msimamo huo.

Kwa ofisa wa Mwanza, kipimo ni kidogo lakini ni kile kile. Kama kazi ni ya zamu ya usiku, aandike. Kama mkataba ni wa miezi sita, aandike. Mtaalamu ni miongoni mwa wanaoweza kupewa mkataba wa muda maalumu kisheria, na hilo si aibu, ila kulificha hadi siku ya kusaini ni udanganyifu.

Mazungumzo ya mshahara yafuate njia hiyo. Mwombaji ajue tofauti ya mshahara ghafi na ule utakaoingia benki. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na kwa kawaida nusu yake hukatwa kwa mfanyakazi, kodi hufuata. Wiki ya kawaida ya kazi haizidi saa 45, na likizo ya mwaka ni siku 28. Ofisa anayeyajua haya kwa kichwa huokoa ugomvi mwingi mwezi wa kwanza.

Wiki za mwanzo kazini

Aliyefaulu usaili asitarajie kuweka mtu kazini wiki ya kwanza. Huo ni muda wa kusikiliza simu za waliomtangulia, kusoma oda za zamani na kuuliza kwa nini zilikwama.

Aanze daftari au jedwali lake. Kila aliyezungumza naye aandikwe jina, ujuzi, mshahara anaotaka, muda wa notisi, mji anaokubali kuishi na tarehe ya mazungumzo. Baada ya miezi sita jedwali hilo linakuwa mali kuliko tangazo lolote. Liwe na nywila, na lisikae kwenye simu ya mkononi ambayo mtoto huchezea michezo.

Siku hizi wasifu nyingi huandikwa kwa msaada wa akili mnemba, nazo hufanana kama matofali ya tanuri moja. Kuzikataa kwa sababu hiyo pekee ni kuonea, maana huenda mhitimu alitaka tu Kiingereza chake kinyooke. Njia ni kumpigia na kumwomba aeleze kazi moja aliyoifanya: tatizo lilikuwa nini, alijaribu nini kikashindikana, na nani alimsaidia. Aliyefanya kazi hiyo hukumbuka kilichoshindikana. Aliyenakili hukumbuka mafanikio tu.

Mwisho kuna simu ambayo maofisa wengi huikimbia, ya kumwambia mtu kwamba hakupata. Katika usaili wa watatu, wawili huondoka mikono mitupu, na wengi wao husubiri majuma bila kusikia neno. Kijana wa Mkolani aliyeazima nauli na shati kwenda kusailiwa Capri Point anastahili kujibiwa ndani ya siku mbili au tatu, kwa sauti ya mtu na kwa sababu inayoeleweka: "Mwajiri ameridhika na ujuzi wako wa mtandao, ila alitaka mtu aliyewahi kusimamia seva za Linux."

Kijana huyo akienda kujifunza Linux, ofisi inayo namba yake.